Mparachichi Si Mgomba

Viatu vyangu vya kwanza baba alivinunua sokoni Tukuyu, kwa mzee Abdala, mfanyabiashara aliyekuwa akivitundika kwenye waya mbele ya duka kama samaki wa kukausha. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na vilikuwa vidogo. Mzee Abdala mwenyewe alisema, "Baba Ambakisye, mguu wa mtoto umezidi. Ngoja nitaleta vingine." Baba akasema havina neno, vitapanuka. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe, akiamini ngozi ni ngozi, na ngozi hupanuka.

Siku ya Krismasi tukaondoka Kyimo kwenda kanisani, mimi pekupeku, viatu mkononi, kama watu wote walivyofanya wakati ule. Unafika kijito cha mwisho, unaosha matope, unavaa, unaingia kanisani kama mtoto wa mzungu. Pale kijitoni mguu ukakataa kuingia. Mama akanipaka samli kisiginoni, baba akasukuma, mguu ukaingia kama kizibo. Siku nzima watu walinisifu. Mchungaji alinishika kichwa akasema, "Huyu sasa ni bwana." Na mimi nacheka, meno nje, machozi karibu. Walisifu viatu, mguu haukuulizwa na mtu. Kidole changu kimoja hadi leo hakina kucha, nikivua soksi wajukuu wanakimbia.

Aliyeniuliza ni mmoja tu, Shabani, mtoto wa mzee Abdala. Alikuwa kijana mkubwa tayari, amelikataa duka la baba yake na kwenda kushika mwiko wa ujenzi. Aliniona sokoni nachechemea, akanikalisha juu ya tofali, akavivua. Akaangalia vidole, akakohoa. Akasema, "Juu sikukuu, chini msiba."

Nimeanza na viatu, najua ninyi vijana wa ujenzi mtasema mzee ameanza kuzunguka. Vumilieni. Nazunguka kwa sababu kule ninakotaka kwenda bado panauma.

Shabani huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi darasa la nne lilinitosha, au niseme mimi nililitosha, maana mwalimu hakunililia. Nikamfuata Shabani kubeba karai, baadaye kushika mwiko, baadaye kushika timazi. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na kikohozi. Ukipanga tofali vibaya, hakutukani, anakohoa nyuma yako. Ukibomoa ukapanga tena vibaya, anakohoa tena. Mke wake aliwahi kuniambia hata nyumbani ni hivyo hivyo, chumvi ikizidi anakohoa.

Siku moja tulipata kazi ya nyumba chini kidogo ya mji, kiwanja kina mti mkubwa, na mwenye kiwanja ana haraka. Tulifika mvua inanyesha. Mnaijua mvua ya kwetu, haina adabu, haibishi hodi. Shabani akatuambia tukae. Tukakaa juu ya matofali chini ya bati, mwenye nyumba anapita na mwavuli anafoka, "Nimewaita kujenga au kuatamia?" Shabani anautazama mti tu. Mvua ilipokatika, akachukua fimbo, akauzunguka mti akichora mstari pale ambapo ardhi kavu iliyofunikwa na matawi inakutana na ardhi iliyolowa. Akasema, na kwake hayo yalikuwa mahubiri marefu, "Shina ni la kusimamia tu. Mdomo wa mti uko huku nje. Na usidhani unaishia hapa. Huu ni mstari wa adabu tu, mizizi yenyewe inakwenda hadi kwa jirani."

Akaagiza mianzi, tukajenga uzio juu ya ule mstari, mzunguko mzima. Mwenye nyumba akaja, akauliza, "Fundi, mbona umeujengea mti zizi?"

Shabani akajibu, "Si la mti. La mafundi."

Vijana, shikeni hilo. Mti hautoroki. Anayezurura ni fundi. Ukimwacha fundi bila uzio, kivuli kile kitamvuta kama asali. Ataegesha saruji pale, atachanganya zege pale, ataosha karai pale, maji ya saruji yaende kwenye mizizi. Lori la mchanga litasimama pale pale kwa sababu dereva naye ni binadamu, anataka kivuli. Udongo ukikanyagwa na lori unakuwa kama sakafu. Mvua inapita juu na mti unabaki na kiu katikati ya Rungwe, wilaya ambayo hata chura anaomba jua! Mimi nilimfukuza dereva mmoja kwa mwiko, akaniuliza kama mti huo ni shangazi yangu.

Sasa niwaambie kwa nini hasa nimekasirika, maana kukasirika kwangu si kwa jana.

Sisi watu wa huku ni watu wa migomba. Tumezaliwa migombani, tumecheza migombani, na siku ya mwisho tutapitishwa migombani. Mgomba ndio uliotufundisha kilimo, na ndio uliotuharibu akili. Mgomba ukiukata leo, kesho kutwa mwanaye amechungulia. Ukikata mizizi yake kwa jembe, unatoa mingine, haukununii. Ukiurundikia udongo shinani, na samadi, na majani, unafurahi, unanenepa, unazaa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Basi mtu wa huku akiona mmea wowote unaosimama, anadhani ni mgomba mrefu. Anaukata mizizi bila hofu. Anaufukia shina kwa mapenzi! Hapo ndipo ninapochoka, hapo kwenye mapenzi.

Mama Lugano alikuwa mjane pale Kyimo, mimi na marehemu mumewe tulibatizwa siku moja. Kwenye mpaka wake na jirani yake Subilaga palikuwa na mparachichi wa kienyeji, ile mikubwa ya zamani. Wale wanawake wawili waliolewa pale mwaka mmoja, wakiwa wasichana. Siku moja walitoka Kiwira wakiwa wamenunua parachichi moja, wakaligawana njiani, wakafika nyumbani wanagombania kokwa. Mama Lugano anasema nitapanda kwangu, Subilaga anasema meno yangu ndiyo yaliyolimenya. Mwisho wakalipanda katikati. Mpaka ule haujawahi kupimwa na mtu, mti ndio ukawa mpaka. Walizaa pale, walifiwa pale, walikaa chini ya mti ule kila jioni wakimenya maharage na kusengenya kanisa zima. Vigoda vyao viwili havikuwahi kuingia ndani hata mvua inyeshe. Cha Subilaga mguu mmoja ulivunjika, akaufunga kwa waya wa uzio, ukawa na nguvu kuliko mizima.

Lugano, mtoto wa yule mama, anafanya kazi Mbeya. Kijana mzuri, simsemi vibaya. Alitaka kumjengea mama yake nyumba ya kisasa, ya paa la kujificha nyuma ya ukuta, kama zile mnazoziona kwenye simu. Mama akakataa. Akakataa mwaka mzima. Kwa nini? Kwa sababu kiwanja kizuri kilikuwa pale pale jirani na mti. Mwishowe Lugano akaja kwangu. Nilikuwa nimeshaanza kupumzika, mgongo umekataa kuinama, akasema, "Baba, mama hamwamini fundi mwingine. Njoo usimamie tu, kuna kijana anaitwa Gwakisa atafanya kazi."

Nikaenda. Nikawakuta kina mama wawili kwenye vigoda. Lugano anasema, "Mama, hata huo ukikatwa, nitakupandia miparachichi ya kisasa, ile ya kubebesha tawi juu ya shina jingine, inazaa upesi."

Subilaga akamwambia, "Mpandie mkeo, mwanangu. Sisi huu tumeulea kabla ya wewe."

Mama Lugano hakucheka. Akaniangalia mimi. "Ambakisye, jengeni mnavyotaka. Lakini mti huu ukianguka, nyumba hiyo siingii. Utabaki au hautabaki?"

Nikasema mbele yao wote, "Utabaki."

Na ungebaki! Mvua ilinisaidia, nikachora mstari wangu kama Shabani. Nikamwambia Lugano tuigeuze nyumba, jiko na shimo la choo viende upande wa barabara, upande wa mti tuweke baraza tu. Na baraza lenyewe lisiwe na msingi wa mtaro. Liwe na nguzo, shimo hapa, shimo pale, ukikuta mzizi mnene kama mkono wangu unasogeza shimo pembeni, na kati ya nguzo na nguzo unapitisha boriti ya zege juu juu, mizizi inapita chini inakusalimia. Lugano akakubali. Nikajenga uzio wa mianzi. Nikamwambia Gwakisa ndani ya uzio asiingie hata kukojoa. Gwakisa akasema, "Sawa, mzee wangu," kwa ile sauti mnayowajibia wazee mkiwa mnaangalia simu.

Halafu shemeji yangu wa Kiwira akafariki.

Huku kwetu mtu haendi msibani akarudi jioni kana kwamba alikwenda mashineni kusaga. Unalala, unakaa na wenzako nje, unakula cha msibani, unarudi wafiwa wakikuruhusu. Niliporudi, jambo la kwanza niliona mianzi yangu haipo. Imekuwa kibanda cha saruji. La pili, upande wa baraza kuna mtaro mrefu, umenyooka, umekwenda moja kwa moja ndani ya mstari wangu.

"Gwakisa, nguzo ziko wapi?"

"Mzee, nguzo ni za banda la nguruwe. Huu msingi imara. Bosi mwenyewe nilimpigia, akasema kama ni imara, chimba."

"Na mizizi?"

"Si ipo mingine upande wa pili?"

Nikashuka mtaroni na mgongo wangu huu. Mizizi haikukatwa, ingekatwa ningesema asante. Ilinyofolewa kwa sururu, imechanika kama kamba ya katani iliyotafunwa na panya. Sikilizeni, kama hamna budi kukata mzizi, ukateni kwa msumeno, mkato safi, kama mtu anayekatwa kidole hospitali, si kama aliyeng'atwa na mbwa. Mkato safi unapona. Uliochanika unaoza, na uozo unatembea kuelekea shina. Halafu ufunikeni upesi kwa gunia lililolowa kabla jua halijaukausha. Mimi nilitumia jioni nzima mtaroni na msumeno, nasafisha ncha moja moja, na wale vijana juu wananiimbia wimbo wa mazishi. Nikafunika kwa magunia. Nilidhani nimefika mwisho wa mabaya.

Kutoka mtaroni, ndipo nikainua macho nikaliangalia shina. Halikuwepo. Yaani lilikuwepo, lakini limezama kiunoni kwenye udongo. Udongo wote wa mtaro, ule mweusi mzuri wa kwetu unaoshikamana mvua ikinyesha kama unga wa ugali, ulikuwa umerundikwa kuzunguka mti, ukapigwapigwa na beleshi, ukalainishwa juu kama keki.

"Hili nalo ni agizo la bosi?" nikauliza.

Gwakisa akainua mikono. "Hili siyo mimi. Muulize mama."

Mama Lugano akatoka jikoni, uso unang'aa. "Umeona nilivyoutunza? Udongo mzuri vile, mvua ilikuwa inaupeleka kwa Subilaga bure. Nikawaambia hapana, upeni mti wangu, ule."

Subilaga kwenye kigoda chake akacheka. "Hata kunipa matope yako umeninyima."

"Nimeupa mti wetu, gwe!"

Niambieni, vijana, hapo mtu unamfokea nani? Gwakisa aliharibu kwa uvivu, huyo nilimpa maneno yake yote, mengine ya Kinyakyusa ambayo hapa sitayaandika. Lakini huyu? Amefukia mti kwa upendo. Nikamwambia, "Mama Lugano, mizizi inapumua. Inapumua palepale juu juu, hasa mparachichi. Na gamba la shina halikuumbwa kukaa kwenye matope. Umeufunika uso kwa blanketi, unasema umelala vizuri."

Akasema, "Migomba yangu yote naifanyia hivi."

"Mparachichi si mgomba!"

"Usinipigie kelele, Ambakisye. Ulikuja kunifundisha kulima?"

Nikachukua beleshi nikaanza kutoa udongo mwenyewe. Akasimama mbele yangu na fimbo. Nasema kweli, mjane yule na miaka yake akasimama kama beki. "Unaupora mti wangu chakula?" Mti ni wake, kiwanja ni chake. Nikamwomba aniachie nafasi ndogo tu, upana wa viganja vichache, kuzunguka shina lipate hewa. Akakubali kwa kunung'unika. Nikachimba, nikaliona shina tena. Kesho yake nikakuta nafasi ile imejazwa samadi ya ng'ombe.

Nikampigia Lugano simu. Akasema, "Baba, mama ndiye aliyekuwa anautetea huo mti. Kama yeye ameridhika, mimi nani?"

Nyumba ikapanda. Ikapakwa rangi. Mimi nilisimamia mpaka linta, nikasema mgongo umekataa, nikarudi kwangu. Na mwaka uliofuata, sikieni maajabu, mti ule ukachanua kuliko siku zote. Matawi yakainama. Mama Lugano akanitumia ndoo nzima ya maparachichi kwa bodaboda, na salamu: "Mwambie mzee haya ni ya mti aliosema haupumui." Yule kijana wa bodaboda alinisomea salamu hizo akicheka mpaka pikipiki ikatikisika.

Sikucheka. Nilikwishaambiwa na Shabani kwamba mti ukiona kifo, huzaa kama mwehu. Unatoa kila kilichomo, uache mbegu duniani. Niliyala yale maparachichi na chumvi, yalikuwa matamu, na kila tonge lilinikera.

Siku ya kubariki nyumba tulialikwa wote. Ng'ombe alichinjwa, mchungaji akaomba chumba kwa chumba, hata choo kiliombewa. Mama Lugano akaingia kwenye nyumba yake, maana mti ulikuwa umesimama. Watu wakatoka nje kula, na Subilaga akatazama juu matunda yanavyoning'inia, akasema kwa furaha, na mimi nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu haya, "Mwe! Mwaka huu mti huu utatuua kwa kuzaa!" Watu wakacheka wote. Mama Lugano alicheka kuliko wote. Mimi niliinua macho juu zaidi ya matunda. Kileleni niliweza kuona mawingu kupitia matawi. Mparachichi wenye afya hauoneshi mawingu.

Mvua zilizofuata majani yakaja madogo, ya njano. Matawi ya kileleni yakakauka. Uyoga ukaota shinani, juu ya ile samadi. Upande wa baraza, ambako mizizi haikuwepo tena, mti ukaanza kuachia ardhi, ukainama taratibu kama mlevi anayesikiliza. Ukiinama hivyo, unainamia paa. Lugano akaleta mtu wa msumeno wa mashine kutoka Tukuyu, na siku hiyo hiyo mti ukalala chini. Mimi sikwenda. Nilisikia mlio wake kutoka kwangu.

Basi mti umekufa. Mkosaji ni nani? Sururu? Udongo? Samadi? Hapana! Watu wa Kyimo, wabatizwa, wanakwaya, wakakaa wakakumbuka kwamba Subilaga alisema mti utawaua. Wakakumbuka alisema akitazama juu. Wakakumbuka hana nyumba ya bati jipya na mwenzake anayo. Ikaanza sokoni kidogo kidogo, "jicho," "wivu," "wanawake hawa wa zamani." Wakaacha kununua maziwa yake. Kanisani benchi lake likawa na nafasi, hata siku kanisa limejaa. Na mama Lugano, rafiki wa maisha yote, akakiingiza kigoda chake ndani ya nyumba mpya, akafunga mlango. Kigoda cha Subilaga kilibaki pale kwenye kisiki, mguu wa waya, kinanyeshewa. Mwenyewe hakuthubutu kuja kukichukua. Wengine hawakuthubutu kukigusa, watoto walikizunguka kwa mbali.

Mimi haya sikuyajua vizuri, nilikuwa nimelazwa na mgongo. Lugano akanipigia. "Baba, njoo unisaidie kazi ndogo. Ukuta wa uzio tu. Gwakisa atapanga, wewe weka kamba na usawa." Nikadhani ni ukuta wa barabarani. Nikachukua mwiko wangu, timazi yangu, na pimamaji niliyoachiwa na Shabani, nikaenda.

Kumbe vigingi vimepigwa kwenye mpaka wa Subilaga. Ukuta unatakiwa kupita pale pale kwenye kisiki.

"Mrefu kiasi gani?" nikauliza.

Lugano akaangalia pembeni. "Mama anataka asionekane."

"Nani asionekane?"

Gwakisa ndiye aliyejibu, "Yule bibi, mzee. Si unajua aliukausha mti?"

Vijana, nimejenga miaka mingi, nimeangukiwa na tofali, nimekanyaga misumari, nimedhulumiwa na wenye nyumba. Sijawahi kukasirika kama siku ile. Nikaweka vifaa chini, nikachukua beleshi. Nikaanza kufukua kisiki. Mama Lugano akatoka, majirani wakasogea, maana mzee anayefukua kisiki kwa hasira ni sinema ya bure. Nikafukua samadi, nikafukua udongo, mpaka nikafika pale ardhi ilipokuwa zamani kabla ya nyumba. Gamba lote la pale lilikuwa limeoza, laini, linanuka, ukilivuta linatoka kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Nikaenda upande wa baraza nikafukua mzizi, ukatoka mweusi mpaka ndani.

Nikasema, "Tazameni. Shika, Lugano. Shika na wewe, Gwakisa. Huu ndio uchawi. Huu mtaro uliuchimba wewe, Gwakisa. Huu udongo aliurundika mama yako, Lugano. Samadi hii pia. Subilaga alileta nini hapa zaidi ya makalio yake na kigoda?"

Lugano akaushika mzizi, akaukunja, ukavunjika mkononi mwake bila sauti. Nikaona amenielewa. Nikamwona mama Lugano naye ameangalia gamba lile, mdomo umefunguka kidogo, na nikadhani, Mungu nisamehe, nikadhani tumepona.

Jirani mmoja nyuma, mwanamume mzima na kofia yake, akasema taratibu, kama mtu anayesaidia, "Sawa, mzee. Udongo tumeuona. Lakini wewe ulikataza, siyo? Ulimkataza Gwakisa, akachimba. Ulimkataza mama, akafukia. Mama huyu aliyeupenda mti kuliko wote! Sasa jiulize, ni nani aliyewaziba masikio?"

Watu wakaguna, "Eee." Wakatikisa vichwa. Gwakisa alitikisa cha kwake kuliko wote, maana alikuwa ameshapewa msamaha. Mama Lugano akafunga mdomo. Uso wake ukarudi ulikokuwa.

"Na wewe Lugano?" nikamuuliza.

Lugano akaudondosha ule mzizi, akapangusa mikono kwenye suruali. "Baba, tupige kamba tu. Mvua inakuja."

Mvua kweli ilikuwa inakuja, ilishafunika mlima. Nikatazama vifaa vyangu chini, mwiko, timazi, pimamaji ya Shabani. Nikaenda kwenye kisiki nikakiinua kile kigoda. Kilikuwa kizito kwa maji. Watu wakarudi nyuma hatua, wote, hadi yule wa kofia. Nikakiweka kwapani, mguu wa waya ukinichoma ubavuni, nikavuka vigingi vyao, nikashika njia ya migombani kuelekea kwa Subilaga. Gwakisa akaita, "Mzee, pimamaji yako!" Akaita tena.

Sikugeuka. Sijarudi.